SOMO LA UFUNDI: KUZITAMBUA KELELE ZA PIKIPIKI KUUKUU

Zamani mwalimu wa kanisa alikwenda kwa miguu, na mwenye bahati alipata baiskeli. Siku hizi wengi wategemea pikipiki, na katika njia itokayo Nangurukuru kupita Njinjo hata Liwale nyingi zimekwisha kula vumbi la kiangazi na tope la masika. Tuseme mwalimu ametoka Njinjo, amempakia mgonjwa kwenda hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Katikati ya njia injini yaanza kugonga. Je, aendelee au asimame? Yampasa ajue kusikiliza.

1. Pima oili kwanza. Oili ikipungua au ikichakaa, kila kitu ndani hupiga kelele.

2. Ijue injini yako. Honda CG 125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na zile zenye injini ya mfano huo, hazina cheni ya taimingi. Valvu zake husukumwa na vijiti virefu. Lakini Bajaj Boxer inayo, nayo hupita ubavuni mwa silinda mpaka juu. Basi fundi akikuambia kwamba cheni ya taimingi ya CG imekwisha, mwombe akuonyeshe.

3. Upambanue mlio. Valvu iliyolegea hulia ti-ti-ti, mlio mwembamba, wenye mpango, juu kichwani mwa injini. Cheni iliyolegea hukwaruza na kuchakacha ubavuni, hasa injini ikiunguruma polepole, au ukiachia ghafula mkono wa mafuta. Mlio mzito wa chini, kama nyundo, watoka kwenye beringi za mkono wa pistoni. Ili kupata mahali penyewe, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko, na mpini wake sikioni. Walakini jihadhari na vitu vizungukavyo.

Sasa twaweza kumjibu mwalimu wetu. Ikiwa ni valvu, na oili ipo, aende polepole, aitengeneze akifika. Ikiwa ni cheni, asiendelee, maana ikiruka meno valvu itakutana na pistoni, na injini itavunjika. Ikiwa ni ile nyundo ya chini, azime palepale, amtafutie mgonjwa chombo kingine.

Kuseti valvu si kazi ngumu. Injini na iwe baridi kabisa. Toa plagi, zungusha kwa mkono mpaka alama ya T ilingane, na roka zote mbili ziwe zimelegea. Pima nafasi kwa feela geji. Kwa CG 125 nafasi ni milimita 0.08, yaani nyembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Kwa pikipiki nyingine fuata kitabu chake. Ukiisha kukaza nati, pima tena, maana mara nyingi nafasi hubadilika hapo.

Lakini liko kosa moja kubwa. Wengine hukaza mpaka kelele iishe kabisa, wakafurahi. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Valvu ya moshi hupoa hasa wakati inapokaa juu ya kiti chake. Ikikazwa mno haifungi sawasawa, joto halipati njia, nayo huungua kimya kimya. Dalili zake ni hizi: injini ikipata moto haiwaki upesi, nguvu hupungua, na kiki huwa nyepesi mguuni. Hapo hakuna mlio wa kukuonya. Kwa hiyo valvu iliayo kidogo ni afadhali kuliko ile iliyonyamazishwa.

Wazee wa kanisa nao wayafikiri haya. Mkristo anung'unikaye barazani twaijua shida yake, nasi twaweza kumsaidia. Yule tuliyemkaza hata akanyamaza, twaijua siku atuachapo.

MASWALI
1. Kwa nini tuanze na oili?
2. Mlio wa valvu na mlio wa cheni vyatofautianaje?
3. Ni nani katika usharika wetu aliyenyamaza, wala hatukumwuliza sababu?