Somo letu: Haikaliki, hamkaliki, hapakaliki

Katika toleo hili tunajifunza neno ambalo kamati zetu za maafa vijijini hulitumia sana: "haikaliki".

Neno hili linatokana na kitenzi "kaa", yaani kuishi. Kikinyambuliwa tunapata "kalia", "kaliwa" na "kalika". Kiambishi cha mwanzo ndicho kinachoonyesha kisichofaa:

- Haikaliki: nyumba yenyewe imeharibika.
- Hamkaliki: ndani mna tope, joto au mbu, ingawa kuta ni nzima.
- Hapakaliki: mahali pote hapafai, hata kama nyumba imesimama.

Mfano tunao Kilwa Kisiwani. Gofu la Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14, halikaliki; lakini kisiwa kinakalika, na wenyeji wanaishi huko hadi leo. Tusichanganye pia na "mahame". Mahame hutuambia kwamba watu walihama. Hayatuambii kwa nini.

Kwa nini tunasisitiza? Pwani yetu ilipata mafuriko makubwa Januari 2020, kisha Kimbunga Hidaya Mei 2024, barabara kuu ikakatika eneo la Somanga. Baada ya maafa, neno moja kwenye fomu huamua nani asaidiwe.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Fomu yetu iliuliza tu kama nyumba inakalika au haikaliki. Mama mmoja alijibu kwa uaminifu, "Inakalika," nasi tukampita. Tuliporudi tulimkuta amehamia kwa mdogo wake. "Wanangu, mliniuliza nyumba," alisema. "Mahali hamkuniuliza. Maji ya choo yameingia kisimani." Alisema kweli, akakosa msaada.

Tangu hapo tunauliza yote matatu, kwa sababu kila jibu lina msaada wake. Haikaliki huhitaji miti, udongo na mabati. Hamkaliki huhitaji usafi na vyandarua. Hapakaliki huhitaji maji salama, choo, au kuhamia mwinuko.

Tahadhari moja: tusiseme "hapakaliki" kwa haraka. Neno hilo laweza kumtoa mtu kwenye shamba lake na makaburi ya wazee wake. Wenyeji waulizwe kwanza, wanawake kwa wanaume.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kijijini kwetu, ni wapi nyumba zinakalika lakini hapakaliki?
2. Ni nini kifanyike ili pakalike tena?
3. Nani hajaulizwa?