Supu ya mifupa ya Vietnam ina funzo kwa afya yako

Bila shaka umewahi kusikia ikisemwa kwamba mtu aliyevunjika mguu, mama aliyejifungua au mgonjwa anayepata nafuu hana chakula bora kuliko supu ya mifupa. Imani hii haiko kwetu pekee. Nchini Vietnam, huko bara Asia, kuna supu ya mifupa ya ng'ombe iitwayo pho, ambayo wenyeji huila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na ambayo leo huuzwa pia Paris, California, Sydney na Prague. Katika makala haya tutaifuata supu hiyo tangu ilipozaliwa. Tukifanya hivyo tutajua ni kitu gani ndani ya bakuli humpa mlaji afya, na ni kitu gani hulidanganya tumbo tu.

Neno pho hutamkwa karibu na "fa", sauti ikishuka kisha ikapanda kama ya mtu anayeuliza swali. Ni supu ya mifupa iliyochemshwa kwa saa nyingi, ikamiminwa moto moto juu ya tambi za mchele, vipande vyembamba vya nyama, vitunguu na majani mabichi.

Ilianza na mifupa isiyotakiwa

Watu wengi hudhani pho ni chakula cha kale. La hasha. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kaskazini mwa Vietnam, katika jiji la Hanoi na eneo la Nam Dinh lililo kusini mashariki mwa jiji hilo. Kabla ya hapo wakulima wa huko walifuga ng'ombe na nyati ili wavute majembe mashambani, na nyama ya ng'ombe ililiwa kwa nadra.

Wafaransa walipoitawala nchi hiyo kuanzia karne ya 19 walikuja na mazoea yao ya kula nyama ya ng'ombe. Ng'ombe wakachinjwa kwa wingi. Minofu ilikwenda kwa wakubwa, na mifupa ikabaki kwa wachinjaji bila wanunuzi. Wachuuzi wa Kivietnam na wa Kichina waliinunua kwa bei ya chini, wakaichemsha na kuiuza pamoja na tambi kwa vibarua na wafanyakazi wa viwandani.

Kuhusu jina lenyewe wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaosema limetokana na neno la Kichina lenye maana ya tambi za mchele. Wengine husema limetokana na neno la Kifaransa la moto, lililomo katika jina la mchemsho wao wa nyama na mboga.

Wachuuzi wa kwanza hawakuwa na hoteli. Walibeba ufito begani, kila ncha ikining'iniza sanduku la mbao. Sanduku moja lilikuwa na sufuria juu ya makaa, na la pili lilikuwa na tambi, nyama, viungo na bakuli. Walitembea mitaani tangu alfajiri wakiita wateja. Kufikia mwaka 1931 neno pho lilikuwa limekwisha kuingizwa katika kamusi ya Kivietnam. Inasimuliwa kwamba mnamo 1939 serikali ilipokataza kuuza nyama ya ng'ombe siku fulani za wiki, wapishi waligeukia kuku, na hivyo ikazaliwa pho ya kuku inayopendwa hadi leo.

Jinsi inavyopikwa

Mifupa huchemshwa kwanza kwa dakika chache, maji hayo ya povu yakamwagwa, kisha mifupa ikaoshwa na kutiwa katika maji mapya. Kitunguu na tangawizi huchomwa juu ya moto mpaka ngozi ziungue, halafu hutiwa ndani. Viungo vyake vingi unavijua: mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na mbegu za giligilani. Kimoja ambacho huenda ni kigeni kwako ni anisi ya umbo la nyota, nacho ndicho kinachoipa pho harufu yake ya pekee.

Sufuria huachwa juu ya moto mdogo kwa saa sita hadi kumi na mbili, mpishi akienguaengua povu na mafuta. Supu haipaswi kutokota kwa nguvu, kwani hapo mafuta huchanganyika na maji, nayo supu huwa na ukungu. Mwishoni hutiwa sosi ya samaki waliovundikwa kwa chumvi. Ikumbuke sosi hiyo, kwa maana tutairudia.

Vita vyaigawa nchi na supu

Mwaka 1954, baada ya Wafaransa kushindwa vitani, Vietnam iligawanywa kuwa Kaskazini na Kusini. Watu wanaokaribia milioni moja walihama kutoka Kaskazini kwenda Kusini, nao wakahama na sufuria zao. Huko Saigon, jiji ambalo sasa huitwa Ho Chi Minh, mboga mbichi ni nyingi na walaji hupenda utamu. Pho ya Kusini ikaongezewa sukari kidogo, majani ya mrehani, machipukizi ya ndengu, ndimu, pilipili na sosi tamu ya maharagwe ya soya.

Waliobaki Kaskazini walipata mkasa tofauti. Katika miaka ya vita na ile ya uchumi wa mgao iliyofuata, nyama ilikuwa adimu na iligawiwa kwa vibali. Maduka ya serikali yaliuza pho isiyo na nyama hata kidogo: maji ya supu, tambi na kitunguu basi. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakirusha angani ndege za upelelezi zisizo na rubani. Watu wa Hanoi, ambao hawakupoteza ucheshi wao hata kwa njaa, wakaiita supu hiyo "pho isiyo na rubani". Hali ilianza kubadilika baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, na hoteli za watu binafsi zikarejea.

Mfupa hutoa nini?

Msomaji, mzaha huo wa Hanoi una somo la lishe ndani yake. Supu isiyo na rubani ilikuwa na joto, harufu na ladha. Ililijaza tumbo. Lakini haikuujenga mwili, na sababu yake ni hii.

Mfupa ukichemshwa kwa muda mrefu, kano na gegedu zake huyeyuka na kuwa jelatini, ile inayofanya supu igande ikipoa. Jelatini ni protini, lakini ni protini yenye upungufu, kwani hukosa kabisa mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mtu hawezi kuitegemea peke yake.

Je, kalisiamu? Wengi huamini kwamba kwa kuwa mfupa umejaa kalisiamu, basi supu yake pia imejaa. Sivyo. Madini hayo yameshikamana sana na mfupa, na maji ya moto hutoa kiasi kidogo mno. Kikombe kimoja cha maziwa kina kalisiamu ya miligramu 300 hivi, na kikombe cha supu ya mifupa hakikaribii hapo. Kwa hiyo aliyevunjika mfupa na anywe supu akipenda, lakini asiache maziwa, omena, maharagwe, mayai na mboga za majani kwa kudhani kwamba supu inatosha.

Chakula katika bakuli kamili la pho ni vile vinavyowekwa ndani ya supu. Nyama au kuku huleta protini na madini ya chuma, tambi huleta nguvu, na majani mabichi na ndimu huleta vitamini. Supu ni gari la kuvibeba.

Wakimbizi waieneza duniani

Saigon ilipotekwa tarehe 30 Aprili 1975, maelfu kwa maelfu ya Wavietnam waliikimbia nchi, wengi wao baadaye kwa mashua. Walipokewa Marekani, Ufaransa, Kanada na Australia. Palipokuwa na wakimbizi pakafunguliwa hoteli ya pho. Katika jimbo la California ukazuka mtaa mzima wa Wavietnam ulioitwa Saigon Ndogo, na hoteli ya Pho 79 ilifunguliwa huko mwaka 1982. Wengine waliopelekwa kufanya kazi katika nchi za Ulaya Mashariki waliipeleka pho huko.

Mwaka 2000 Rais Bill Clinton alipozuru Vietnam alikula pho katika jiji la Ho Chi Minh. Mwaka 2007 neno hilo likaingizwa katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford, ile iliyofupishwa. Mwaka 2024 serikali ya Vietnam iliitangaza pho ya Hanoi na ya Nam Dinh kuwa urithi wa kitaifa.

Ugenini, hata hivyo, pho ilibadilika. Nyama ilikuwa rahisi kupatikana, na bakuli likawa kubwa. Bakuli likikua, nayo chumvi huongezeka.

Tahadhari ya chumvi

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya samaki kina chumvi inayozidi gramu 3. Ongeza ile iliyo katika sosi tamu ya mezani, na bakuli moja linaweza kumaliza mgao wako wa siku nzima. Hali ni hiyo hiyo kwa vijipakiti vya tambi za haraka na vidonge vya kukolezea supu.

Chumvi ikizidi, mwili huhifadhi maji, damu huongezeka wingi, na moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Hilo likiendelea miaka na miaka, mishipa ya ubongo na figo hudhurika. Shinikizo la damu halina kelele. Wengi hulijua wanapopatwa na kiharusi.

Ukitaka kujipikia

Fuata mashauri haya, iwe unapika pho au supu yako ya kawaida ya mifupa:

1. Acha viungo vifanye kazi. Tangawizi na kitunguu vilivyochomwa, mdalasini, karafuu na ndimu vitakufanya usiitamani chumvi. Tia chumvi mwisho, na uonje kabla ya kuongeza.

2. Ipoze supu, kisha uondoe mafuta yaliyoganda juu.

3. Usiiache nje usiku kucha. Isikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye friji, kwani viini huzaliana upesi katika supu vuguvugu.

4. Wavietnam wengine huweka nyama mbichi katika bakuli ili iive kwa joto la supu. Nyama isiyoiva yaweza kuwa na minyoo aina ya tegu na viini vingine. Waja wazito, watoto na wagonjwa wale iliyoiva kabisa, na machipukizi yachemshwe.

5. Mwenye kisukari apunguze tambi na kuongeza mboga. Mwenye ugonjwa wa jongo amwulize daktari kwanza, maana supu nzito ya nyama na mifupa yaweza kumwamshia maumivu.

6. Kula nyama, tambi na majani yote, lakini si lazima uinywe supu mpaka tone la mwisho. Chumvi nyingi imo humo.

Wachuuzi wa Hanoi walichukua mifupa ambayo hakuna aliyeitaka wakaipatia thamani, na hilo ni jambo la kuigwa katika kila jikoni lenye bajeti ndogo. Lakini hata wao walijua kwamba mifupa peke yake haitoshi. Unapomchemshia mgonjwa wako supu, hakikisha ndani yake mna rubani.