Dizeli Safi Hulinda Injini

Lori la mchanga au samaki likizimika kwenye mwinuko kutoka Funyula, huenda shida haiko kwenye injini bali kwenye tangi.

Adui mkubwa ni maji. Tangi likilala nusu tupu, hewa yenye unyevu, hasa karibu na ziwa, hupoa usiku na kuacha matone ndani. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo hutuama chini, yakavutwa hadi kwenye pampu na noseli na kuzitia kutu. Dizeli ya mitungi huleta vumbi. Ikichanganywa na mafuta ya taa, hailainishi pampu ipasavyo. Ili kuzuia uchanganyaji huo, mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Madereva na wenye malori wanashauriwa:

• Jazeni tangi jioni.

• Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungueni koki iliyo chini ya filta ya maji hadi itoke dizeli tupu. Kingeni kwa chupa angavu. Maji yataonekana chini.

• Badilisheni filta kwa wakati uliowekwa na kitabu cha gari. Filta ya karatasi haioshwi.

• Msimwage masalio mtaroni. Mvua huyapeleka Mto Sio, kisha Ziwa Victoria.

Filta hugharimu kidogo. Noseli zikiharibika, lori hulala na kazi husimama.