Mwenzako Anapokwenda Kazi Ng'ambo



Kutoka Rongo na Awendo hadi Mbita na Kendu Bay, si ajabu siku hizi kusikia kwamba baba fulani amepata kazi ya ulinzi Doha, au mama fulani anakwenda Riyadh kufanya kazi ya nyumbani kwa miaka miwili. Majirani hupongeza, kuku huchinjwa, na gari la kwenda Nairobi hupandwa kabla ya mapambazuko. Lakini nimeona mara nyingi kwamba nyumba iliyotumia miezi sita kutafuta pasipoti haikutumia hata jioni moja kuzungumzia ndoa yenyewe. Somo letu la leo ni juu ya jioni hiyo.

Fungueni Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti alikuwa kipofu na maskini, akakumbuka fedha alizoziweka kwa Gabaeli katika mji wa Rage, nchi ya Media. Akaamua kumtuma mwanawe Tobia. Tazameni aliyoyafanya kabla kijana hajatoka mlangoni (sura ya 5). Alikuwa na hati ya maandishi, kila upande umeshika sehemu yake. Alimtaka kijana atafute mwenzi wa njiani mwenye kuaminika. Mwenzi alipopatikana, naye alikuwa Malaika Rafaeli bila wao kujua, mzee alimhoji kabila na ukoo wake, kisha wakapatana ujira wa kila siku. Malaika hakukasirika kwa kuhojiwa. Basi na wakala asikasirike.

Ulizeni kama wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Serikali yetu ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Uarabuni mwaka 2014 kwa sababu ya mateso yaliyoripotiwa, ikaruhusu tena mwaka 2017 baada ya kuwachuja mawakala. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa leba. Nakala ya mkataba, ya pasipoti na ya viza zibaki nyumbani, si ndani ya simu ya msafiri peke yake. Patanani pia: simu ikinyamaza wiki mbili, nani atapigiwa? Kenya ina ubalozi Riyadh na Doha. Andikeni namba zao sasa, wakati akili imetulia.

Hayo ni ya nje. Turudi ndani ya nyumba, maana huko ndiko kwenye uzito.

Sheria ya Kanisa (kanuni ya 1151) inasema mume na mke wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuwe na sababu halali. Karo na njaa vyaweza kuwa sababu halali. Lakini Mtakatifu Paulo (1 Kor 7:5) anaweka masharti mawili kwa wanandoa wanaoachana kitanda: wawe wamepatana, na iwe kwa muda. Mume anayemwambia mkewe siku ya tiketi hakupatana naye; amempa taarifa tu. Na mke anayekwenda kwa sababu mashemeji wamemsukuma hakukubali kwa moyo. Kama mmoja wenu analia kimya usiku, msitie sahihi bado.

Sasa fedha. Someni tena Tobiti, sura ya 2. Mke wake Ana alikuwa akifuma kwa ujira, na siku moja matajiri wake wakamwongezea mwanambuzi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia alisema ameibwa, akamwamuru mkewe amrudishe. Mtu mcha Mungu, mwenye kuzika maiti za maskini, akamshuku mke wake mwenyewe! Wivu wa mume asiye na kipato juu ya mke mwenye mshahara ni wa zamani kuliko Riyadh. Baba, mkeo akituma shilingi zaidi ya mwezi uliopita, usianze kwa kuuliza amezipata kwa nani.

Upande wa pili nao upo. Namjua mama mmoja ambaye mumewe alituma fedha miaka miwili kwa ndugu yake ajenge nyumba. Mama alijua habari za matofali siku aliposikia yameuzwa. Patanani kabla: fedha ziingie kwa nani, ngapi ni za karo, ngapi za chakula, ngapi za akiba isiyoguswa, na wazazi wapate nini. Kisha mwiteni huyo ndugu, akae, asikie mbele ya wote wawili. Mwenzi aliyebaki nyumbani ndiye wa kwanza kujua.

Lipo jambo ambalo halisemwi kanisani, nami nitalisema. Katika desturi yetu ya golo kodhi, mume na mke hukutana kwanza kabla mbegu hazijatoka kwenda shambani. Masika ya Machi yakifika na mmoja yuko Doha, maneno huanza: shamba litalala, chira itaingia. Nimesikia baba akishauriwa atafute mwanamke wa kumsaidia kupanda, na mama akishauriwa vivyo hivyo. Hapo ndipo ndoa nyingi huvunjika, kwa kisingizio cha mahindi. Zungumzeni na mama mkwe kabla ya safari, kwa heshima, wote wawili mkiwa mmeketi mbele yake. Mwombeni padre azibariki mbegu, na msafiri mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba aliyebaki apande mvua ikinyesha.

Kuhusu afya nitasema kwa kifupi. Nchi za Ghuba huwapima wageni wanaokuja kazini, na anayepatikana na virusi vya Ukimwi hunyimwa viza. Kwetu Homa Bay na Migori ugonjwa huu umegusa karibu kila boma. Pimweni pamoja kabla ya kwenda kwa daktari wa wakala, ili mwenzako asisikie habari kwa mtu wa ofisi. Na siku ya kurudi, pimweni tena kabla ya kukutana, bila kulaumiana.

Msafiri ajue pia mahali pa kusali. Doha kuna Kanisa la Bikira Maria wa Rozari, lililofunguliwa mwaka 2008, na wengi huenda Misa siku ya Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Dubai kuna Kanisa la Mtakatifu Maria. Saudi Arabia hakuna kanisa. Aendaye huko apokee Kitubio na Ekaristi kabla ya kuondoka, na wapangane saa ya kusali Rozari kila mmoja alipo. Saa ya Riyadh na Doha ni sawa na yetu, kwa hiyo saa tatu usiku huku ni saa tatu kule.

Tobiti alihesabu siku za kwenda na za kurudi, na Ana akatoka kila siku kuitazama barabara. Waliweza kuhesabu kwa sababu walijua mwana anakwenda wapi na kwa kazi gani. Chukueni kalenda ya jimbo iliyo ukutani. Kama mwezi wa kurudi haumo, andikeni pembeni, na anayesafiri aiandike tarehe hiyo kwa mkono wake, watoto wakimwona.