Dondoo muhimu: Unataka kuwa mwalimu wa muziki sekondari?

• Anza na cheti. Nchini Kenya, mwalimu lazima asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kabla ya kulipa karo, uliza kama kozi hiyo itakuwezesha kusajiliwa.

• Shika ala moja barabara. Ongeza kinanda cha kutosha kusindikiza kwaya.

• Soma solfa na noti za mistari mitano. Wanakwaya wengi wamelelewa kwenye do-re-mi. Lakini mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE) unadai zaidi.

• Zijue sauti zinazobadilika. Mvulana anapobaleghe, noti za juu humponyoka na sauti hukwaruza. Usimlazimishe, wala usimnyamazishe. Mpe noti nne au tano za katikati, kisha umpime upya kila muhula.

• Kwenye mazoezi ya kufundisha, tanguliza mlio. Piga mdundo kwa makofi, darasa liitikie, ndipo uuandike ubaoni. Ukianza na nadharia, wa nyuma watasinzia.

• Alika mafundi wa ala za asili. Mpiga nyatiti au orutu wa jirani atawafunza vijana mengi yasiyomo vitabuni. Mlipe nauli na jasho lake.