Kinanda Ndani ya Kompyuta Kuukuu: Maelezo kwa Walimu wa Kwaya Mkoani Singida

Mwalimu wa kwaya wa Kiomboi, Itigi au Ikungi akiuliza kama kompyuta mpakato ya zamani inaweza kubeba programu ya kinanda, mara nyingi huambiwa mashine hiyo imekwisha, atafute nyingine. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 na prosesa ya miaka kumi iliyopita yaweza kufundishia sauti nne na hata kusindikiza ibada, ilimradi mwenye nayo ajue cha kupigania. Wengi hupigania uzuri wa sauti, kumbe tatizo ni kuchelewa kwake. Sikio huvumilia kinanda chenye sauti ya wastani, lakini vidole havivumilii kinanda kinachojibu baada ya mdundo kupita.

Kuchelewa huko kunapimika. Kompyuta haitoi sauti punje kwa punje; huikusanya kwanza katika fungu liitwalo bafa, kisha hulisukuma lote kwenye spika. Kwa kiwango cha kawaida cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni milisekunde 23, na ya sampuli 256 ni karibu 6 tu. Hewani, sauti huchukua takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja, kwa hiyo milisekunde 6 ni sawa na kukaa mita mbili kutoka kwenye spika, jambo ambalo hakuna mpiga kinanda analilalamikia. Drayva ya kawaida ya Windows huongeza ucheleweshaji wake juu ya huo, ndiyo maana tunashauri drayva ya ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Anza na bafa ya 256. Sauti ikikwaruza, panda hadi 512. Na tafadhali, spika ya Bluetooth iwekwe kando: peke yake huweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, ukaishia kuilaumu kompyuta isiyo na kosa. Tumia waya.

Wapo watakaosema wapiga ogani za mabomba katika makanisa makubwa huishi na ucheleweshaji mkubwa kuliko huo na bado hupiga vizuri. Ni kweli, lakini wamezoea kwa miaka mingi, na ogani yao huchelewa kwa kiasi kilekile kila siku. Kompyuta iliyolemewa leo huchelewa hivi, kesho vile, na katikati ya ubeti hukatakata. Hilo halizoeleki, hasa kwa mwanafunzi anayetafuta noti kwa mkono wa kushoto.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: programu nyepesi hazina utamu wa piano halisi. Hapa inafaa kujua uzito unatoka wapi. Salamander, piano ya bure iliyorekodiwa kutoka Yamaha C5, ina tabaka 16 za nguvu ya mguso, na imerekodi noti moja katika kila tatu. Mkusanyiko huo wote unatakiwa ukae kwenye RAM au usomwe kutoka kwenye diski wakati unapiga, na diski ya zamani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huachwa nyuma. Pianoteq ya kampuni ya Kifaransa Modartt haina rekodi hata moja. Hukokotoa sauti papo hapo, hivyo diski hupumzika na mzigo wote huiangukia prosesa. Basi penye diski ya polepole na prosesa yenye nguvu kiasi, chagua programu ya kukokotoa, ingawa ni ya kununua. Prosesa ikiwa dhaifu, chukua faili dogo la noti zilizorekodiwa na upunguze idadi ya noti zinazolia kwa pamoja. Kwaya inayojifunza wimbo mpya haitaona tofauti ya tabaka 16 na tabaka 3.

Kuhusu Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hofu ya usalama ni ya haki kwa anayetuma pesa au barua pepe. Kinanda hakihitaji intaneti. Zima Wi-Fi kabisa. Faida ya ziada ni kwamba drayva ya Wi-Fi yenyewe ni chanzo kinachojulikana cha sauti kukatika.

Linabaki vumbi, na kwa Singida ya kiangazi hili si la kupuuzwa. Feni ikiziba, prosesa hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe, na kinanda kilichopiga vizuri asubuhi huanza kukwaruza mchana. Mpelekee fundi kompyuta aifungue, asafishe feni na kubadilisha mafuta ya kupitisha joto juu ya prosesa. Ukipiga, iweke mezani, si juu ya kitambaa cha madhabahu kinachoziba matundu ya chini, na mpangilio wa umeme uwe ule wa nguvu ya juu.