Moduli ya simu haijibu amri

SWALI: Nipo Wete, Pemba. Nimeunganisha SIM800L na Arduino Uno ili initumie ujumbe tangi la maji linapokaribia kukauka. Nikiandika AT, napata alama zisizosomeka, au kimya kabisa. Tatizo liko wapi?

JIBU: Alama zisizosomeka ni dalili kwamba kasi hazilingani. Weka 9600 kwenye programu na kwenye kompyuta, kisha tuma AT mara kadhaa; moduli hutambua kasi kwa herufi hizo.

Ikikaa kimya, hakikisha kila amri inaishia na alama ya CR, TX inaingia RX ya upande wa pili, na GND zimeunganishwa. Umeme uwe volti 3.4 hadi 4.4, na chanzo kimudu ampea 2, maana moduli hula mkondo mwingi inaporusha mawimbi. Pini ya Uno hutoa volti 5. Zipunguze kwa rezista mbili kabla ya RX, usije ukaiunguza.

Ukijibiwa OK, tuma AT+CSQ upime nguvu ya mtandao, AT+CMGF=1 kuchagua hali ya maandishi, kisha AT+CMGS na namba. Ikitokea alama ya >, andika ujumbe na umalize kwa Ctrl+Z. Anza kwa mkono. Amri zikikubali zote, ndipo uziingize kwenye programu.